Magunia ya Kilo Sitini

Getrude aliweka jalada juu ya meza, akalisukuma kwa vidole viwili mpaka likagusa mkono wa Shifa. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mvua ya Mei ilikuwa ikinyesha mtaani Dengfeng, na mume wa Getrude alikuwa ametimiza siku thelathini na mbili mikononi mwa polisi wa forodha.

"Hizi ndizo zilizobaki," alisema. "Nyingine walizichukua."

Shifa alikuwa mkaguzi wa forodha katika bandari ya Malindi, Unguja, kwa miaka kumi na mmoja kabla hajahamia Guangzhou. Sasa alikagua mizigo ya wafanyabiashara wa Kitanzania kabla haijafungiwa kwenye makontena, na mara mojamoja alimtafuta mtu aliyetoweka na mzigo wa mwenzake. Kesi ya jinai hakuwahi kuigusa. Alimwambia hivyo Getrude walipozungumza kwa simu. Getrude akajibu kwamba wakili anaye, anachohitaji ni mtu wa kumsomea karatasi kwa Kiswahili na kumwambia ukweli.

Mumewe, Jovitus, alitoka Karagwe. Alifika Guangzhou miaka tisa nyuma kununua vifaa vya umeme, akaishia kwenye kahawa, kwa sababu ulimi wake ulijua kahawa tangu utoto na watu wa hapa walikuwa wameanza kuinywa. Tajiri mmoja Mchina aitwaye Kuang alimwekea mtaji, wakafungua kampuni ya kuingiza buni. Katika karatasi za serikali kampuni ilikuwa ya Jovitus peke yake, na mwakilishi wake mbele ya sheria alikuwa Jovitus. Muhuri wa kampuni ulikaa kwa Kuang. Tarehe 14 Aprili maofisa walimkuta Jovitus kwenye chumba chake cha kuonjea kahawa, Pazhou, akiwamiminia wanunuzi watatu vikombe. Walimwomba azime birika kwanza, kisha wakaondoka naye.

Tuhuma yenyewe Shifa aliielewa upesi kuliko Getrude. Buni inayoingia China kutoka nchi isiyo na nafuu yoyote hulipiwa ushuru wa asilimia nane. Kostarika, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, ina mkataba wa biashara huria na China, na buni yake huingia bila ushuru huo, mradi iwe na cheti cha uasili kilichotolewa kulekule na mzigo usichanganywe na mwingine njiani. Kampuni ya Jovitus ilikuwa imeleta makontena manne na kuyatangaza kuwa ya Kostarika. Forodha waliandika kule kuuliza namba ya cheti. Jibu lilikuja kwamba namba hiyo ilitolewa kwa mzigo wa mananasi.

"Wakili anasema yote yanategemea kitu kimoja," Getrude alisema. "Kama Baba Anastazia hakujua, ni faini. Kama alijua, ni jela."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi namjua. Ila sijui alijua nini."

Shifa alipanga karatasi kwa tarehe, kama alivyofundishwa, ya zamani zaidi kushoto. Tamko la forodha lilikuwa la tarehe 4 Machi. Mzigo ulitolewa bandarini siku hiyohiyo, kwa dhamana ya fedha, kwa kuwa cheti cha uasili kilikuwa hakijafika. Mwingizaji aliahidi kukileta baadaye arudishiwe dhamana yake. Utaratibu huo ni wa kawaida. Chini ya tamko palikuwa na saini ya Jovitus na muhuri mwekundu wa duara.

Alisoma idadi ya magunia: elfu moja mia mbili na themanini. Alisoma uzito. Akachukua kalamu, akagawa, akapata jibu kamili lisilo na baki, akagawa tena.

"Kilo sitini," alisema.

Getrude alisogeza kiti karibu.

Shifa alimweleza taratibu. Watu wa Kostarika na majirani zao hufunga buni katika magunia ya kilo sitini na tisa. Ni mazoea yao ya siku nyingi, hata magunia hushonwa kwa kipimo hicho. Brazili hufunga sitini. Brazili haina mkataba wa namna hiyo na China, kwa hiyo buni yake hulipiwa asilimia nane. Hakuna aliyehitaji kuonja kitu. Yeyote aliyefanya kazi ya forodha miaka miwili, akikaa na karatasi hii na kalamu, angeshuku.

"Kwa hiyo Jovitus angeshuku."

"Jovitus alikuwa mwonjaji, hakuwa mtu wa forodha. Nani alimjazia tamko?"

Getrude alifunua karatasi ya mwisho jaladani. Ilikuwa risiti ya huduma ya wakala, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Mugo, Mkenya mwenye ofisi mtaa huohuo, ghorofa tatu juu ya duka la nywele.

*

Mugo alikuwa akila wali kwenye kibati alipowaona mlangoni, akaweka kijiko chini. Hakuwa wakala wa forodha kwa leseni. Alikuwa mtu wa katikati, anachukua karatasi za Waafrika na kuzipeleka kwa Wachina wenye leseni, na kila upande unamlipa kidogo. Shifa alimfahamu kwa sura. Alijua pia kwamba mwaka uliopita kuna mzigo wa matairi uliopita mikononi mwa Mugo ukafika Mombasa kwa jina la kitu kingine.

Alimwuliza moja kwa moja cheti cha mananasi kilitoka wapi.

Mugo alisema hakijui. Alisema tamko alilipeleka kama alivyopewa, na cheti hakupewa yeye. Shifa alimwambia kwamba risiti ina jina lake, kwamba polisi wanayo nakala, na kwamba mtu aliyetafuta cheti cha kughushi angeanzia kwa mtu kama yeye. Mugo hakukasirika. Aliinuka, akafunga mlango, akaketi tena.

"Madam, polisi walikuja hapa siku ile ile walimchukua Jovi. Walikaa na mimi masaa sita. Simu yangu walikaa nayo wiki mbili. Ningekuwa mimi, ungenipata hapa nikila rice?"

Shifa aliona kwamba hoja ilikuwa nzuri. Alimwomba amwonyeshe simu.

Mugo alisita, akamtazama Getrude kwanza. Kisha akafungua mazungumzo yake na Jovitus, akayasogeza hadi tarehe 12 Machi, akamkabidhi Shifa simu. Jovitus alikuwa ameandika saa moja asubuhi. Aliuliza kama inawezekana kubadilisha tamko, kuondoa Kostarika, kuandika nchi nyingine na kulipa ushuru wote wa asilimia nane. Mugo alijibu kwamba inawezekana, ila lazima mwenye kampuni apeleke maombi yenye muhuri. Jovitus aliandika, akimtaja Kuang kwa neno la Kichina la bosi: *Muhuri anao laoban. Ngoja nizungumze naye.* Hapo mazungumzo yalikoma. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa Aprili, Mugo akiulizia afya yake.

"Alitaka kulipa," Getrude alisema.

"Alitaka kulipa, ndiyo," Mugo alisema. "Hata polisi niliwaonyesha hiyo."

Shifa aliirudisha simu. Mtu aliyetaka kulipa ushuru tarehe 12 alikuwa amekwisha kujua, tarehe hiyo, kwamba buni haikutoka Kostarika. Hakulisema. Aliuliza tu kama kuna mahali Jovitus aliweka kumbukumbu zake za kazi, mbali na ofisi ya Kuang ambayo ilikuwa imefungwa na kubandikwa karatasi za polisi. Getrude alisema kuna chumba cha kuonjea, Pazhou. Polisi walikipekua wakakiacha. Funguo anazo.

*

Walipanda treni ya chini ya ardhi. Msimu wa maonyesho ya biashara ulikuwa umekwisha wiki moja na ushei, na vituo vya Pazhou vilikuwa vimepwaya. Mabango ya kukaribisha wageni yalikuwa yanateremshwa. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la ofisi, nyuma ya kumbi kubwa za maonyesho. Kilikuwa na meza ndefu, birika mbili, mizani ndogo na safu ya vikombe vyeupe vilivyopinduliwa juu ya taulo. Unyevu wa mvua ulikuwa umeingia, na unga wa kahawa uliosahauliwa kwenye kisagio ulikuwa umeota ukungu.

Getrude alianza kusafisha kisagio. Shifa alimwomba aache, asiguse kitu. Baadaye aliona haya kwa kusema hivyo, maana hapakuwa na mtu atakayekuja kuchunguza tena chumba kile.

Kompyuta ilikuwa imechukuliwa, pia mafaili ya Kichina. Rafuni walikuwa wameacha vitabu saba vya kumbukumbu vyenye jalada gumu, vyote vimeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili. Aliyepekua alikuwa amevitazama, kwa kuwa viwili vilikuwa vimerudishwa kichwa chini. Labda hakukuwa na mtu wa kusoma. Labda walidhani ni mapishi.

Daftari la mwisho lilianza Januari. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, jina la mzigo, namba za vikombe, na mistari michache. Jovitus aliandika vizuri. Shifa alifunua hadi Machi, akasoma ukurasa wa tarehe 11 kwa sauti ili Getrude asikie.

"*Kontena nne za Kostarika, sampuli kumi. Hakuna uchachu wa tunda. Karanga, kakao, uzito mdomoni. Vikombe vyote kumi ni sawa. Hii ni Brazili, ya tambarare, iliyokaushwa na ganda lake. Kostarika sijaionja humu. Laoban aambiwe leo.*"

Getrude aliketi kwenye kiti cha mwonjaji.

Shifa alihesabu tarehe kwenye vidole vyake. Tamko lilisainiwa tarehe 4. Kuonja kulifanyika tarehe 11. Siku saba kati yake. Mtu aliyesaini tarehe 4 alisaini juu ya magunia asiyoyaona, kwa maneno ya laoban wake, na alipoyaonja alishtuka, akaandika, na kesho yake asubuhi akauliza jinsi ya kulipa. Tarehe zilikuwa zikimsaidia. Alimweleza Getrude, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Getrude aliangua kilio, akajifuta kwa kitambaa cha kufutia vikombe.

"Basi hakujua," alisema. "Aliposaini hakujua."

"Aliposaini hiyo, hapana."

Shifa alikuwa na tabia ya kumaliza karatasi zote kabla ya kufurahi. Alifungua jalada tena palepale, juu ya meza ya vikombe. Kati ya stakabadhi mbili za benki palikuwa na karatasi nyepesi aliyoipita asubuhi akidhani ni nakala ya tamko. Ilikuwa ombi la kurudishiwa dhamana. Liliambatanishwa na cheti cha uasili, na aya yake ya mwisho ilisema kwamba mwombaji anathibitisha asili ya bidhaa ni Kostarika na kwamba anabeba dhamana ya ukweli huo. Palikuwa na muhuri wa duara. Palikuwa na saini ya Jovitus. Tarehe ilikuwa 19 Machi.

Aliisoma tena tangu juu. Hakukuwa na namna nyingine ya kuisoma.

"Nambie ulichokiona," Getrude alisema.

Shifa alimwambia. Siku nane baada ya kuandika kwa mkono wake kwamba Kostarika haimo, Jovitus alikuwa amesaini kwamba imo.

Getrude hakulia tena. Aliuliza kama daftari lile wanaweza kulichoma. Shifa alijibu kwamba hatashiriki jambo hilo, na kwamba hata wakilichoma, simu ya Mugo inasema yaleyale. Kisha akasema kitu ambacho alikiamini wakati ule: kwamba daftari linaonyesha pia kuwa alimwambia Kuang, na kwamba Kuang ndiye wa kutafutwa. Walilifunga kwenye mfuko wa plastiki wakaondoka nalo.

*

Wakili aliitwa Pan, mwanamke wa miaka arubaini hivi mwenye ofisi karibu na barabara ya Yide, juu ya maduka ya samaki wakavu. Alisoma sheria Nairobi kwa mwaka mmoja, na Kiingereza chake kilikuwa cha polepole na wazi. Shifa alimtafsiria Getrude. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Asubuhi hiyo Pan alikuwa amekwenda mahabusu kuonana na Jovitus. Ndugu hawaruhusiwi kumwona mtuhumiwa kabla ya hukumu, wakili tu, kwa hiyo yote ambayo Getrude alijua juu ya mumewe kwa mwezi mzima yalipita mdomoni mwa mwanamke huyu.

Alisema kwanza kwamba Jovitus ni mzima, ana kikohozi, analala chumba kimoja na watu kumi na wanne. Getrude aliuliza kikohozi kilianza lini. Pan hakujua.

Shifa aliweka daftari mezani, akafasiri ukurasa wa tarehe 11. Alieleza juu ya magunia ya kilo sitini, ujumbe wa tarehe 12, ombi la tarehe 19. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyotoa ripoti. Alisema anaelewa kwamba kitabu hiki kinamsaidia mteja na kinamuumiza pia, na kwamba uamuzi wa kukitoa ni wa wakili.

Pan alisikiliza mpaka mwisho. Aligusa jalada la daftari bila kulifungua.

"Amekwisha kuwaambia polisi," alisema.

"Amewaambia nini?"

"Yote. Siku ya pili. Kwamba alionja, kwamba alijua, kwamba baadaye alisaini. Alitaja tarehe hizohizo. Sikutaka kumwambia mkewe kabla mteja wangu hajaniruhusu. Leo ameniruhusu."

Shifa alitafsiri. Sauti yake ilikuwa ileile, lakini alilazimika kuanza sentensi mara mbili. Siku mbili alizozitumia kukimbia na karatasi zilikuwa zimemrudisha mahali ambapo polisi walikuwa wamekaa tangu Aprili.

Aliuliza habari za Kuang. Pan alisema polisi wanamtafuta, na kwamba wanamwamini Jovitus anapomtaja. Kuang alivuka mpaka tarehe mosi Aprili na hajarudi. Jina lake halimo kwenye karatasi hata moja ya kampuni. Muhuri haukuonekana. Fedha za dhamana ziliporudishwa ziliingia akaunti ya kampuni na kutolewa siku hiyohiyo, kwa idhini ya mwakilishi wa kisheria. Faili lilikuwa limefika kwa waendesha mashtaka Jumanne. Walikuwa na siku saba za kuamua kama akamatwe rasmi au aachiwe, yaani hadi Jumanne ijayo, siku ya thelathini na saba.

"Kwa nini alisaini?" Getrude aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, akimtazama Pan, na Pan alielewa kabla Shifa hajafungua kinywa.

Jibu lilikuwa refu, na Pan alilisoma kutoka kwenye karatasi aliyoandika mahabusu. Februari, kahawa nyingine ilikuwa imeingia ghala la Kuang huko Nansha. Ilikuwa magunia tisini kutoka Karagwe, ya wakulima mia moja arubaini na watatu wa chama kimoja cha msingi cha ushirika. Jovitus alikuwa ameiomba kwao mwenyewe alipokwenda likizo. Wakulima walikubali kuitoa bila malipo ya awali, wangojee iuzwe Guangzhou. Haikuwa na tatizo lolote la ushuru. Tanzania ilikuwa tayari kwenye orodha ya nchi ambazo bidhaa zake huingia China bure, na cheti chake cha uasili kilikuwa halali, kilitoka Dar es Salaam. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ililala kwenye ghala la Kuang.

Jovitus alipomwambia Kuang kwamba buni ni ya Brazili na kwamba walipe, Kuang hakubisha. Alisema makontena yamekwisha kuuzwa kama Kostarika, wanunuzi wawili wamelipa bei ya Kostarika, na akibadilisha tamko atawarudishia watu fedha ambazo hana. Kisha akasema hatafungua ghala mpaka ombi la dhamana lisainiwe. Jovitus alikataa siku saba. Siku ya nane alipiga simu Karagwe, akaambiwa mvua zimeanza na watu wanamwulizia, wengine wanataka ada za shule. Akasaini. Kuang alisema atafungua ghala mwisho wa mwezi.

Getrude alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi niliijua kahawa ya Karagwe," alisema. "Aliniambia imechelewa melini."

Shifa aliuliza kitu cha mwisho kilichokuwa ndani ya uwezo wake. Magunia tisini yako wapi sasa?

*

Jumatatu alikwenda Nansha peke yake. Getrude alibaki nyumbani, kwa kuwa shule ya Anastazia ilikuwa imemwita kuhusu kibali cha ukaazi ambacho kilipitia kampuni ya babake na sasa kilikuwa karibu kwisha.

Ghala lilikuwa refu, la mabati, mita mia tatu kutoka geti la bandari. Milango ilibandikwa karatasi nyeupe zenye mihuri ya forodha, zimevuka mahali milango miwili inapokutana ili isifunguke bila kuchanika. Mlinzi alikuwa mzee mwenye adabu. Shifa alimwonyesha nakala ya cheti cha Dar es Salaam, tamko la Februari, orodha ya magunia, barua aliyoandikiwa na Pan kwa Kichina ikieleza kwamba mzigo huu ni wa watu wengine, hauhusiki, umeingia kihalali, na unaharibika. Mlinzi alipiga simu. Baada ya nusu saa alikuja ofisa kijana, mkarimu, aliyesoma kila karatasi akiwa amesimama chini ya ukingo wa paa.

Shifa alijua atakachosema, maana yeye mwenyewe aliwahi kusimama upande ule wa mlango, Malindi, na kuwaambia watu maneno hayo. Mzigo wote uliomo ni mali ya kampuni inayochunguzwa. Mpokeaji aliyeandikwa kwenye tamko la Februari ni kampuni hiyohiyo. Wakulima hawatajwi popote kama wenye mali. Madai yao wanaweza kuyawasilisha wakati wa kesi, kwa maandishi, yakiwa yamethibitishwa.

"Kesi itachukua muda gani?"

Ofisa alisema hajui. Mwaka, pengine. Inategemea.

Alimweleza kwamba buni haiwezi kukaa mwaka kwenye hewa hii. Inaota ukungu, inageuka rangi, inanuka gunia. Ofisa aliitikia kwa kichwa, akaandika jambo hilo kwenye daftari lake, akamwonyesha kwamba ameliandika. Aliomba radhi. Shifa alimwuliza kama anaweza angalau kuagiza madirisha ya juu yafunguliwe hewa iingie. Ofisa alitazama juu kwenye madirisha. Nayo yalikuwa yamebandikwa mihuri.

Alisimama pale kidogo baada ya ofisa kuondoka. Mlinzi alimletea kiti cha plastiki. Hakukikalia.

*

Uamuzi ulitoka Jumanne saa nne asubuhi. Pan aliwapigia akasema waendesha mashtaka wameidhinisha Jovitus akamatwe rasmi. Kwa kuwa alisema yote mapema na hakuchukua faida, yeye Pan ataomba adhabu ipunguzwe, na ana matumaini kwamba itapungua. Alipoulizwa kutoka miaka mingapi hadi mingapi, alisema hapendi kutaja namba. Jovitus alikuwa ametuma maagizo mawili: nyumba ya Karagwe isiuzwe kwa ajili ya mawakili, na wakulima waambiwe ukweli na mtu wa nyumbani mwake, si na mtu mwingine.

Getrude alikuja ofisini kwa Shifa alasiri kupiga simu hiyo. Alisema nyumbani mtoto angesikia. Mwenyekiti wa chama cha msingi aliitwa Adrian, na kule ilikuwa saa nne asubuhi. Getrude alizungumza naye kwa lugha ya kwao, ambayo Shifa hakuielewa hata neno. Alisikia tu jina la Kostarika likitajwa, mara mbili, katikati ya maneno yale, na baada yake sauti ya jogoo upande wa pili.

Mazungumzo yalikuwa marefu. Mahali fulani Getrude alisimama, akageukia ukuta. Adrian alikuwa na sauti ya chini na hakuipandisha. Simu ilipokatika Getrude aliishikilia bado mkononi, akaifuta kioo kwa ukingo wa kitenge.

"Amekasirika?" Shifa aliuliza.

"Hapana. Ameuliza kama Baba Anastazia anapewa chakula. Nimemwambia anapewa." Alivuta pumzi. "Halafu akaniuliza mbona nchi yetu haikuhitaji kudanganya, na bado kahawa yao ndiyo imefungiwa. Nikamwambia sijui kumweleza. Nikamwambia kuna mtu hapa aliyekuwa mkubwa wa forodha, naye amekwenda mpaka mlangoni."

Shifa alifunga jalada lililokuwa mezani.

"Kisha akauliza kama wavune," Getrude alisema. "Imeshaanza kuiva. Watu wako mashambani na vikapu leo hii, wanangoja aende akawaambie."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia wavune." Aliiweka simu kwenye mkoba, akafunga zipu. "Hataki kurudi kuwaambia waache. Mimi pia nisingeweza. Kahawa ikiiva utaiambia nini?"

Aliomba maji ya kunywa. Shifa alimpa, na Getrude aliyanywa yote akiwa amesimama, kisha akaenda kumchukua mtoto shuleni.